Mguu Ulioinuliwa: Kuisoma Sanamu ya Shiva Anayecheza

Mama mmoja wa Upanga, Dar es Salaam, alikuwa anafunga nyumba ili ahamie kwa wanawe Kanada. Vitu vya kuuzwa vilipangwa sebuleni: masufuria ya shaba, cherehani ya miguu, kabati la vioo, redio ya mbao. Juu ya kabati palisimama sanamu ya shaba ya njano, kimo chake kama chupa ya lita moja. Mtu mwenye mikono minne anacheza ndani ya duara la moto, mguu mmoja umekanyaga kijitu, mwingine uko hewani. Kijana wa mkokoteni aliyekuja kuchukua kabati aliitazama akarudi nyuma hatua moja. "Huyu ndiye mungu wao wa uharibifu," akaninong'oneza.

Yule mama alisikia. Hakukasirika. Aliishika sanamu kwa mikono miwili, akaifunga kwenye kanga, akanikabidhi. "Mwanangu, njiani usimlaze kifudifudi," alisema. "Na ukitaka kumjua, anza na mguu."

Alichosema kijana wa mkokoteni ndicho wengi wetu tulichosikia: Brahma huumba, Vishnu hulinda, Shiva huangamiza. Maneno hayo yana chanzo chake katika dini ya Kihindu. Lakini ukiitazama sanamu hii ukiwa na maneno hayo tu, utaona moto na kukanyagwa basi, na karibu kila kitu kingine kitakupita. Waliobuni umbo hili walikuwa wafuasi wa Shiva, na kwao yeye hakuwa fundi wa kubomoa anayengoja wenzake wamalize kujenga. Kazi zote ni zake. Sanamu nzima imepangwa ili kulisema hilo, kiungo kwa kiungo, na mahali inapotaka jicho lako liishie imekuonyesha kwa kidole.

Maneno mawili kabla ya kutazama

Jina lake ni Nataraja. *Nata* ni mchezaji, *raja* ni mfalme. Hapa Kiswahili kinatubeba vizuri, maana kwetu ngoma ni chombo kinachopigwa, ni uchezaji wenyewe, na ni shughuli nzima iliyowakusanya watu. Mtu akisema "jana kulikuwa na ngoma" hatumuulizi anamaanisha ipi kati ya hizo. Nataraja ana kigoma mkononi, anacheza, na ulimwengu wote ndio shughuli yake. Mfalme wa Ngoma ni tafsiri inayotosha.

Neno linalotutatiza ni *sanamu*. Limetoka kwenye Kiarabu, ambako *sanam* ni kitu kinachoabudiwa badala ya Mungu, kwa hiyo hata kabla hatujatazama, neno limeshatoa hukumu. Kweli, Kiswahili kimelilegeza: Askari aliyesimama na bunduki yake pale Samora ni sanamu, na hakuna anayemwabudu. Wahindu wenyewe husema *murti*, yaani umbo. Wanachoamini ni kwamba Mungu asiye na umbo amekubali kuonekana katika umbo, kwa ajili yetu sisi tusioweza kumpenda asiyeonekana. Na shaba haiwi makao yake kwa kuwa tu imechongwa ikafanana naye. Lazima makuhani wafanye ibada ya kutia pumzi, *prana pratishtha*. Kabla ya ibada hiyo, kilicho mbele yako ni kazi ya fundi. Muislamu au Mkristo halazimiki kukubaliana na mafundisho haya ili ayaelewe, lakini ni haki ayapokee kama wenyewe wanavyoyasema.

Silaha zilizogeuka mapambo

Kisa cha ngoma yenyewe kinasimuliwa hivi. Msituni waliishi watawa waliojua kafara na manuizo yote, wakafika mahali pa kuamini kwamba ibada zao zinatosha na Mungu hahitajiki. Shiva akawajia katika sura ya ombaomba. Walimkasirikia, wakawasha moto wa kafara, wakamtolea chui milia. Alimkamata, akamchuna, akajifunga ngozi yake kiunoni. Wakamtolea nyoka, akamvaa kama pambo. Mwisho wakamtolea kijitu kibaya chenye nguvu. Alikiangusha, akakikanyaga mgongoni, akaanza kucheza.

Ndiyo maana ukimkagua unakuta nyoka mkononi mwake. Kila kilichotumwa kumdhuru kimebaki mwilini mwake, hakina madhara tena, kinametameta.

Mapokeo ya Kitamili yanasema aliahidi kuirudia ngoma hiyo Tillai, na Tillai ndiyo Chidambaram ya leo, karibu na pwani ya Tamil Nadu, kusini mwa India. Jina la kale ni la mti wa jamii ya mikoko. Msitu mkubwa wa mikoko bado upo jirani, Pichavaram, na mtu wa Rufiji au Lamu hahitaji kuelezwa unafananaje. Wacha Mungu wawili walingoja humo. Mmoja ni Patanjali, ambaye huchongwa akiwa nusu nyoka. Mwingine ni Vyaghrapada, yaani Mwenye Miguu ya Chui Milia, aliyeomba apewe makucha ili apande miti kabla ya alfajiri bila kuteleza, achume maua ambayo nyuki hajayagusa, ayapeleke kwa Shiva. Hao ndio walioonyeshwa ngoma.

Mikono, kisha miguu

Mkono wa kulia wa juu umeshika *damaru*, kigoma chenye kiuno chembamba, kinachotikiswa ili kamba yenye fundo ipige ngozi za pande zote mbili. Hapo ndipo uumbaji unapoanzia: palikuwa na mapigo kabla ya nuru na udongo. Mkono wa kushoto wa juu umebeba ulimi wa moto, nao ni maangamizi. Katika kazi nzuri mikono hiyo miwili iko kwenye kimo kimoja, kama mizani iliyotulia. Katikati upo uso, na uso hauna hasira wala jitihada. Mwili wote uko mbioni, nywele zimeruka pande mbili, lakini midomo inakaribia kutabasamu. Watamili huiita ngoma hii *ananda tandava*, ngoma ya furaha.

Mkono wa kulia wa chini umeinua kiganja kukuelekea. Ishara hiyo inaitwa *abhaya*: usiogope. Ni kazi ya tatu, kuhifadhi.

Mpaka hapa kijana wa mkokoteni angekubaliana nami: kuumba, kuhifadhi, kuangamiza. Lakini mafundisho ya Shaiva Siddhanta, madhehebu makubwa ya wafuasi wa Shiva katika nchi ya Watamili, yanahesabu kazi tano, na shairi moja la Kitamili la karne ya 13 linazigawa kwenye viungo vya sanamu waziwazi. Uumbaji uko kwenye kigoma, ulinzi kwenye mkono wa usiogope, maangamizi kwenye moto. Kazi mbili zilizobaki ziko miguuni. Mguu uliokanyaga chini unaficha. Mguu ulioinuliwa unaokoa.

Kuficha ndiko kulikonisumbua. Mungu afiche nini, na kwa nini? Nilikuja kuelewa nilipokumbuka jinsi tunavyovundika maembe. Ukichuma embe bichi huliachi juani. Unalifunika kwa majani au gunia, mahali penye giza, unaliacha siku kadhaa. Embe lililomo ndani ya gunia halioni kitu, na kama lingekuwa na kinywa lingelalamika kwamba limesahauliwa. Lakini giza lile amelileta mwenye embe mwenyewe, na ndilo linaloliivisha. Shaiva Siddhanta inafundisha kwamba roho imefungwa na uchafu wa asili, na haiwezi kukabidhiwa ukweli wote ikiwa mbichi. Inafunikwa. Inapitishwa katika kazi, mapenzi, hasara, kuzaliwa na kufa tena na tena, mpaka iwe tayari. Neno wanalolitumia kwa utayari huo ni *paripaka*, na maana yake ni kuiva.

Hekalu la Chidambaram limelitundika fundisho hili kwenye pazia. Katika chumba kitakatifu chenye paa la dhahabu, Nataraja anacheza mbele ya watu, na pembeni yake kuna pazia. Kuhani anapolifungua, waumini wanaona mashada ya majani ya dhahabu yakining'inia, na nyuma yake hakuna sanamu. Ni nafasi tupu. Chidambaram yenyewe hutafsiriwa kuwa anga la ufahamu, na hapo Shiva anaabudiwa akiwa anga. Watu hutoka mbali, wakapanga foleni, wakaonyeshwa nafasi tupu, wakalia kwa furaha. Hao hao wamemwona Mungu wa shaba mita chache tu kutoka hapo, wala hawaoni kwamba kimoja kinakikana kingine.

Kijitu kilicho chini ya mguu Watamili hukiita Muyalakan. Kwa Kisanskriti ni Apasmara. Watu hutafsiri "ujinga", na si kosa, lakini neno lina undani zaidi. *Smara* ni kukumbuka. *Apasmara* ni kupotewa na kumbukumbu, na katika tiba ya jadi ya India ndilo jina la kifafa. Kwa hiyo kinachokanyagwa ni usahaulifu, ile hali ya mtu kutojijua yeye ni nani. Tena hakijauawa. Katika sanamu nyingi kimelala kifudifudi, kimeinua kichwa, macho wazi, pengine kinacheza na nyoka. Wafafanuzi wengi husema hakiwezi kuuawa, kwa kuwa usahaulifu ukifa kabisa ujuzi nao hauna tena wa kumfundisha. Kinashikiliwa tu, na kushikiliwa huko hakukomi.

Sasa mkono wa nne. Ni wa kushoto, wa chini. Umekatiza kifua na kulegea kama mkonga wa tembo. Ndivyo unavyoitwa: *gajahasta*, mkono wa mkonga. Tazama vidole vyake. Vinaelekeza chini, kwenye mguu wa kushoto ulioinuliwa. Mikono mitatu ina kazi zake. Huu umeachiwa kazi moja tu, kuonyesha. Moto unavutia macho, kigoma kinavutia, nywele zinavutia, na mtengenezaji alijua hivyo, akaona asikuache upotee humo. Mguu uliotoka chini, uliojinasua, ndio kimbilio. Ndiyo neema, kazi ya tano, ambayo zile nne zote zinaisubiri.

Nilipoifungua kanga nyumbani na kuiweka sanamu dirishani, niliona ina rangi ya chai kavu kila mahali, imejaa weusi kwenye mikunjo, isipokuwa sehemu moja. Vidole vya mguu ulioinuliwa vilikuwa vinang'aa kama pete ya jana, na kucha za mwanzo karibu zimefutika. Mkono wa mtu ulikuwa umepita pale asubuhi baada ya asubuhi, kwa miaka mingi.

Kichwani

Yapo mengi nywelani, na nitayapitia haraka. Kuna mwezi mwandamo. Kisa chake ni kwamba Mwezi alilaaniwa apungue hadi aishe, akakimbilia kwa Shiva, na tangu hapo anapungua na kujaa. Kuna umbo dogo la mwanamke mwenye mkia kama wa samaki, ambaye ni mto Ganga. Uliposhuka kutoka mbinguni ungeipasua dunia, Shiva akaudaka kwa nywele ukatiririka taratibu. Kuna fuvu, kuna ua la datura lenye sumu. Kwenye paji kuna jicho la tatu.

Masikio ndiyo yanayostahili dakika moja ya ziada. Katika kazi nyingi za kale hereni hazifanani: la kulia lina hereni ya kiume, la kushoto ya kike. Ni njia ya kimyakimya ya kusema kwamba Shiva na Shakti, nguvu yake ya kike, hawatengani, na mchezaji huyu mmoja ni wawili. Sanamu za kuuzia watalii mara nyingi husahau jambo hili na kuweka hereni mbili sawa. Kwangu hilo ni pengo kubwa kuliko mkwaruzo wowote.

Nta, udongo na ukuti

Shiva mchezaji ni wa kale kuliko umbo hili. Kwenye pango la Badami, jimbo la Karnataka, amechongwa mwambani tangu karne ya 6 akiwa na mikono kumi na minane. Lakini Nataraja wa mikono minne ndani ya duara la moto alipata sura yake kamili kusini, chini ya wafalme wa Chola, kuanzia karne ya 10. Anayehusishwa zaidi na kuenea kwake ni malkia mjane, Sembiyan Mahadevi, aliyejenga upya kwa mawe mahekalu yaliyokuwa ya matofali na kumweka Nataraja kwenye ukuta wa kusini. Baada yake alikuja Rajaraja wa Kwanza, aliyetawala kuanzia 985 hadi 1014, na kukamilisha hekalu kubwa la Thanjavur mwaka 1010. Maandishi yaliyochongwa kwenye kuta za hekalu hilo yanaorodhesha sanamu za shaba zilizotolewa na mfalme na dada yake Kundavai, pamoja na vipimo vyake.

Kazi hiyo bado inafanywa Swamimalai, mji mdogo ulio karibu na Kumbakonam, kandokando ya mto Kaveri. Fundi, ambaye cheo chake ni *sthapati*, hukata ukuti wa mnazi kwa urefu wa sanamu anayoitaka, kisha huukunja na kuukunja tena mpaka mikunjo impe kimo cha uso, shingo, kifua na paja. Hapo hahitaji rula. Huunda umbo lote kwa nta ya nyuki iliyochanganywa na utomvu wa mti na mafuta kidogo. Hulipaka udongo laini wa mtoni, tabaka juu ya tabaka, huliacha likauke, kisha hulichoma. Nta inayeyuka na kutoka, ndani ya udongo panabaki uwazi wenye sura ya Mungu. Shaba iliyoyeyushwa humiminwa humo. Wanaita *panchaloha*, metali tano, ingawa sehemu kubwa ni shaba, na dhahabu na fedha hutiwa kidogo tu kwa ajili ya baraka. Ikipoa, udongo unavunjwa.

Kalibu ikivunjwa hairudi. Kila sanamu iliyosubiwa hivi ni ya pekee, na ikiharibika hakuna pacha wake. Baada ya hapo kuna miezi ya tupa na patasi, na kwa sanamu ya hekalu, macho huchongwa mwisho kabisa, kwa ibada.

Shaba ya Kihindi na pwani yetu zinajuana tangu zamani. Wachimbaji wa mambo ya kale walipata Shanga, kisiwani Pate, simba mdogo wa shaba mwenye mtindo wa Kihindi, katika tabaka la udongo la miaka ya karibu na 1100. Ni enzi zilezile za Chola. Nani alimwacha pale, mwenyeji au mgeni, simba hasemi.

Matundu ya chini

Ukiingia jumba la makumbusho utamkuta Nataraja kwenye kioo, taa imempiga, yuko peke yake. Pale New York, katika Metropolitan, yupo mmoja wa karne ya 11 mwenye kimo cha sentimita 68, na uzuri wake unamshika mtu koo. Lakini shuka na macho hadi kwenye kitako cha sanamu kama hizo. Mara nyingi utaona matundu au pete. Kupitia hapo zilipita kamba na miti ya kubebea.

Sanamu hizi zilitengenezwa ziende barabarani. Mungu wa jiwe alibaki ndani ya chumba cha giza, hawezi kuondolewa. Wa shaba alitoka siku za sikukuu kwenda kuwaona watu, wakiwemo wagonjwa na wale ambao enzi hizo walizuiwa kuingia hekaluni. Alitoka amevaa hariri, maua na vito, hata watu waliona uso tu na pengine ule mguu. Maungo tunayoyasifia leo kwenye vioo yalifunikwa. Kabla ya kuvishwa alioshwa kwa maziwa, asali na maji ya msandali, na karne za kuoshwa ndizo zilizolainisha nyuso nyingi mpaka pua ikabaki kidokezo. Chidambaram wamekwenda mbali zaidi: mara mbili kwa mwaka Nataraja wa chumba kitakatifu mwenyewe hutolewa na kuzungushwa mjini kwenye gari la mbao linalovutwa kwa kamba na umati.

Vita vilipokuja, makuhani walizika. Jeshi la Delhi chini ya Malik Kafur lilifika kusini mwaka 1311, na vurugu nyingine zilifuata karne baada ya karne. Sanamu zilifukiwa mchangani kwa heshima, zikisubiri amani. Waliojua mahali walikufa. Ndiyo maana hadi leo mkulima wa Tamil Nadu akichimba msingi wa nyumba anaweza kugonga mkono wa shaba.

Mwaka 1976, katika kijiji cha Pathur, kibarua aligonga Nataraja. Aliuzwa kwa pesa kidogo, akapita mikono mingi, na mwaka 1982 alikuwa London, amenunuliwa na kampuni moja ya Kanada, polisi walipomkamata. Kesi iliyofuata ni miongoni mwa kesi za ajabu nilizowahi kuzisoma. Wataalamu walilinganisha udongo na njia za mchwa zilizobaki kwenye shaba na zile za sanamu nyingine za Pathur. Miongoni mwa wadai lilikuwemo hekalu lenyewe, lililokuwa limebaki magofu, pamoja na jiwe takatifu la Shiva lililopatikana humo. Sheria ya India inamtambua mungu wa hekalu kuwa anaweza kumiliki mali na kushtaki kupitia mwakilishi. Mahakama ya Uingereza ilikubali kumsikiliza mdai wa namna hiyo. Hukumu ya mwaka 1988 iliupa upande wa hekalu ushindi, rufaa ikashindwa mwaka 1991, na Nataraja akarudi nyumbani.

Wengine wamefuata njia hiyo. Nataraja wa Sivapuram, aliyepelekwa kukarabatiwa miaka ya 1950 na hekalu likarudishiwa nakala bila kujua, alirejea kutoka Marekani mwaka 1986. Wa Sripuranthan alinunuliwa na jumba la taifa la sanaa la Australia mwaka 2008 kwa dola milioni 5 za Kimarekani, akarudishwa mwaka 2014. Kwa mpenda sanaa hizi ni kesi za wizi wa vitu vya kale. Kwa mwanakijiji ni mtu wa nyumbani aliyetekwa.

Geneva, jukwaani, na kwenye kabati

Ulaya ilimjua Nataraja hasa kupitia maandishi ya Ananda Coomaraswamy, mtaalamu wa sanaa aliyezaliwa Colombo, mwanzoni mwa karne ya 20. Mchongaji Rodin aliona picha zake tu, akaandika kwa mshangao. Mwaka 2004 serikali ya India iliipa maabara ya fizikia ya CERN, Geneva, Nataraja wa mita mbili, na tangu hapo wengi humweleza kwa lugha ya fizikia: chembe huzuka, chembe hutoweka, nguvu inacheza. Ulinganisho huo ni mzuri, na sina ugomvi nao. Ila unaishia kwenye kigoma na moto. Mkono wa mkonga unabaki unaonyesha kitu ambacho hesabu hizo hazikitaji.

Wahindu wa Afrika Mashariki wengi wana asili ya Gujarati, na kwenye madhabahu zao za nyumbani utamkuta zaidi Krishna, Ganesh au Mama Amba. Nataraja utamwona kwenye madarasa ya Bharatanatyam, ngoma ya jadi ya kusini mwa India, pembeni mwa jukwaa, na wanafunzi humsujudia kabla ya kupiga hatua ya kwanza. Wapo Wahindu wanaoamini hafai kukaa nyumbani kabisa, kwamba ngoma yake huleta misukosuko. Watamili wengi wakisikia hivyo hushangaa. Kwa hiyo ukikutana na majibu mawili yanayogongana, hakuna anayekudanganya. Umeingia kwenye dini yenye nyumba nyingi.

Na kama wewe pia umekutana na Nataraja wa zamani kwenye mnada au nyumba inayohamwa, yaelekea ni kama wangu: shaba ya njano, ya karne ya 20, haina matundu kitakoni, ilitengenezwa ikae mezani. Mnunue, mweke mahali pa heshima, na usimsugue kwa dawa ya kung'arisha, utafuta historia yote ya mikono iliyomgusa. Lakini akiwa mzito kuliko anavyoonekana, ana matundu au pete chini, uso umelainika kama jabali la mtoni na udongo umeganda kwenye mikunjo, uliza alikotoka na uombe karatasi. Sheria ya India ya mwaka 1972 hairuhusu kazi za namna hiyo zenye zaidi ya miaka 100 zitolewe nchini na watu binafsi. Muuzaji asipokuwa na jibu, mwache Nataraja pale alipo, piga picha ya kitako chake, uipeleke ubalozi wa India.